Bidoni ya Saa Ishirini na Nne

Ninaandika haya kwa mtu aliyeambiwa kwamba figo zake hazifanyi kazi vizuri, akapewa namba, halafu mahali pengine akapewa namba nyingine isiyofanana na ile ya kwanza. Mimi nilipewa nyingi, na kila moja ilipata mtu wa kuiamini katika familia yangu. Mimi mwenyewe sikujua niamini ipi.

Naitwa Kavira. Wakati wa vita ya pili ya Kongo nilikuwa nafundisha mwaka wa tatu katika shule moja ya msingi huko Kimemi, Butembo. Mume wangu Paluku alikuwa anauza misumari na mabati mjini. Tulikuwa na watoto watatu, na kwa kuwa mkubwa wao ni Joëlle, watu waliniita Mama Joëlle. Nilikuwa na miaka thelathini na minne na sikuwahi kulala hospitali isipokuwa kwa kuzaa.

Ilianza na mvua za mwezi wa tisa. Nikiamka asubuhi, kope za macho zilikuwa zimejaa maji, na kufika saa sita uvimbe ulikuwa umeshuka miguuni. Watoto darasani walidhani nimelia. Mmoja alimwambia mama yake kwamba Madamu anapigwa na bwana wake, na yule mama akaja kwangu na kuku, akanishika mkono. Sikuwa na nguvu za kumkatalia. Mkwe wangu, mama yake Paluku, alifikiri ni mimba. Mimi niliona mkojo wangu una povu kama maji ya sabuni, nikanyamaza, kwa sababu hilo si jambo ambalo mtu anamwambia mwenzake mezani.

Viatu vilipokataa kuingia, Paluku alinipeleka hospitali mjini. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Majeruhi walikuwa wanaletwa kutoka upande wa kusini, na kila walipoletwa sisi tuliofika kwa miguu yetu tulirudi nyuma. Hakuna aliyelalamika. Unawezaje kulalamika kuhusu kuvimba mbele ya mtu aliyefungwa kitambaa chenye damu tumboni?

Daktari alichukua damu. Siku ya tatu aliniweka kwenye mizani, akaniuliza miaka, akafanya hesabu kwenye kipande cha karatasi. Damu ilikuwa na moja virigule tisa, yaani moja nukta tisa, ya kitu kinachoitwa kreatinine, uchafu ambao figo nzima zinautoa.

"Madamu," akasema, "mafigo yako inatumika karibu nusu. Haiko muzuri, mais haiko ya kuogopa sana. Chumvi, acha. Utakunywa hizi dawa za kutosha maji, yatoke mu mwili."

Neno ambalo Paluku alitoka nalo pale ni "nusu". Alilibeba kama mtu aliyebeba yai. Kila aliyemuuliza alimjibu: "Iko na nusu. Mutu anaishi na nusu."

Lakini sikuishi vizuri na hiyo nusu. Kufika Noeli nilikuwa natapika asubuhi, ngozi inawasha, na mikono imekonda huku miguu ikiwa kama ya mtu mwingine. Nilikuwa nafundisha nikiwa nimekaa. Siku moja niliandika ubaoni hesabu ya kugawanya, nikasahau katikati nilichokuwa nagawanya. Watoto walingoja. Mkurugenzi alinirudisha nyumbani, na katika darasa lile sikurudi tena mwaka huo.

Dada yangu mkubwa, Masika, alikuwa anaishi Beni, anauza mafuta ya mawese na ni shemasi katika kanisa lao la Kiprotestanti. Alituma habari kwamba kule kuna labo moja ndogo ya kupima damu, na mwenye kazi hapo anajulikana kwa kutosema haraka. Nikaenda. Kutoka baridi ya Butembo kuingia joto la Beni, katikati ya magunia ya viazi, nilihisi maji yanatembea ndani ya mwili wangu kila gari lilipopinda.

Mtu wa labo aliitwa Muhindo, mtu mfupi wa sauti ya chini. Alichukua damu, na kesho yake akampa Masika karatasi wakati mimi nimelala kwenye mkeka nje. Masika alisoma, akakaa chini palepale kwenye udongo. Karatasi ilisema mia moja sitini na nane.

Hakuuliza kitu. Alikwenda kwenye nyumba ya wafanyabiashara wenye fonie, ile redio ya kuongea na miji ya mbali, akamwita Paluku. Mimi sikuwepo, lakini baadaye Paluku alinieleza alichosikia katika kelele za ile mashine: ilikuwa moja, sasa ni mia moja sitini na nane. Baada ya siku mbili alifika Beni na mfuko wa nguo zangu zote, hata zile za kanisani, na barua za kuvukia mpaka wa Kasindi kwenda Kampala. Kampala ndiko kulikuwa na mashine ya kusafisha damu. Kila mtu alijua maana yake: mtu akifungwa kwenye mashine ile, atakaa karibu nayo maisha yake yote. Watoto wangu walikuwa Butembo na hawakuwa wameagwa.

Tulikwenda watatu kwa Muhindo kumuaga. Alimtazama Paluku, akautazama ule mfuko.

"Papa Joëlle, munaenda wapi?"

"Kampala. Kama damu imefika pale, tutangoja nini tena?"

Muhindo aliomba karatasi ya Butembo, akaziweka mbili pamoja.

"Hii ni damu moja," akasema. "Haikupanda. Kule banapima na kipimo ya zamani, siye tunapima na ingine. Ni kama mutu anasema Butembo iko mbali kilometa makumi tano, mwingine anasema iko mbali siku mbili kwa muguu. Barabara ni ileile."

Paluku aliketi. Nadhani huo ndio wakati pekee nilimwona akicheka na kulia pamoja. Mimi nilikuwa kama mtoto aliyerudishiwa mama yake sokoni. Ilidumu dakika chache tu, kwa maana Muhindo aliendelea kuisoma ile karatasi ya Butembo.

"Hii nusu yenu, balifanya hesabu na kilo ngapi?"

"Makumi saba na ine," nikamjibu.

"Mbele ya ugonjwa ulikuwa na kilo ngapi?"

"Makumi tano na nane."

"Basi balihesabu na maji. Mafigo haifanyie maji kazi ile. Na angalia mikono yako, Mama. Nyama imekwisha. Ule uchafu tunapima unatoka mu nyama. Mutu mwenye nyama kidogo anaonekana muzuri mu damu, kumbe haiko muzuri." Alikunja karatasi. "Siwezi kusema nusu. Siwezi kusema Kampala. Inaomba tupime mukojo ya siku muzima, saa makumi mbili na ine, pamoja na damu. Ikiwa chini ya kumi na tano kwa mia, mutaenda bila kungoja. Ikiwa juu, mutu anaweza kukaa kwake."

Alinipa bidoni, dumu la lita tano lenye dawa kidogo ndani ya kuzuia mkojo usioze, akanifundisha mara mbili. Mkojo wa kwanza wa asubuhi, mwaga, andika saa. Kuanzia hapo kila tone liingie, mchana na usiku, mpaka kesho saa ileile, na ule wa mwisho uingie pia. Ukisahau mara moja, anza upya.

Paluku alitaka nifanyie nyumbani, ambako watoto wangeniona. Nikafanyia Butembo. Bidoni ilikaa nyuma ya jiko ndani ya beseni la maji baridi. Joëlle alikuwa anabadilisha maji yale na kuwafukuza wadogo zake. Mkwe wangu, mwanamke wa heshima kubwa, alipita pale amegeuza uso siku nzima, kisha jioni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Imefika wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole. Akasema, "Mungu aijaze."

Asubuhi tuliondoka na pikapu ya rafiki wa Paluku, bidoni katikati ya miguu yangu. Bariere mbili za askari tulipita. Ya tatu walituteremsha sote.

"Nini oyo?" askari mmoja akaniuliza kwa Lingala, akionyesha bidoni. "Masanga?"

"Haiko pombe, chef," Paluku akajibu. "Ni mukojo. Ya labo. Bibi yangu ni mugonjwa."

Alidhani tunamdanganya ili tusimpe kasiksi, pombe ya ndizi. Alifungua, akanusa, na uso wake ukabadilika kama mtu aliyetukanwa. Alimwaga polepole barabarani huku ananitazama mimi, si bidoni. Nilitaka kusema kitu. Nilimwona Paluku ameweka mikono nyuma kama mwanafunzi, nikaelewa kwamba nikifungua mdomo yeye ndiye atakayelipa. Ilikuwa siku nzima ya mwili wangu, na ilikwisha kwenye vumbi kabla sijamaliza kuhesabu hadi ishirini.

Tukaamua nibaki Beni kwa Masika mpaka ifanikiwe. Nyumba yake ilikuwa na watu kumi na mmoja, nusu yao wakimbizi wa kanisa. Alinipa pembe nyuma ya jiko, akatundika kitenge chake kizuri kiwe ukuta. Kila jioni aliniosha miguu kwa maji ya moto. Hatukuwahi kuwa dada wa kushikana hivyo. Yeye alikuwa mtu wa kuamuru. Vidole vyake vilibonyeza ngozi yangu, na shimo likabaki pale, naye akalitazama mpaka lijae tena.

Siku hizo, kwenye benchi la labo, nilifahamiana na mzee Kambale. Alikuwa mkulima wa Luofu. Vita ilimtoa na mke wake, wakakaa Kanyabayonga muda, kisha wakasukumwa tena mpaka Beni, ambako walikuwa wanalala katika darasa la shule pamoja na familia nyingine sita. Alikuwa amekonda hata mfupa wa bega unaonekana kupitia shati. Alikuwa na taabu ileile: kutapika, kuwashwa, usingizi wa mchana. Lakini damu yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Kituo cha wakimbizi kilikuwa kimempima damu tu, wakamwambia mafigo hayana shida, ni njaa na mawazo.

"Mungu amenihurumia," aliniambia. "Weye mutoto ya juzi, na namba kubwa vile."

Nilimwonea wivu, siwezi kuficha.

Muhindo hakuifurahia namba ile. Nilimsikia akimwambia, "Baba, damu yako inadanganya. Nyama haiko. Uniletee mukojo ya siku muzima."

Mzee Kambale alicheka kidogo. "Nitaiweka wapi, mwana wangu? Mu darasa? Batoto ya batu iko pale. Na choo ni ya batu mia. Siwezi kutembea na bidoni ya mukojo mbele ya bakwe."

Nilifikiri kuhusu pembe yangu na kitenge cha Masika. Siku moja na usiku mmoja, basi. Nikafikiri pia juu ya watu kumi na mmoja, na Masika aliyekwisha kuchoka, na mwanaume mgeni nyuma ya jiko la wanawake. Nikasema moyoni, nitamwuliza dada yangu kesho.

Kesho yake ndipo nilipoanza bidoni ya pili. Saa nane mchana risasi zilianza upande wa barabara kubwa. Tulikimbia na watoto kupitia migomba mpaka kanisani, na pale tulilala juu ya mabenchi. Kwenye migomba nilikojoa mara moja, na mara nyingine nyuma ya kanisa, mbele ya wanawake waliokuwa wanaomba. Tuliporudi asubuhi, bidoni ilikuwa mahali pake, imefungwa vizuri.

Masika alinishika mkono. "Nyamaza tu. Peleka vile iko."

"Yaya, kuna ile nilimwaga inje."

"Najua. Ikikosa, hesabu itashuka. Ikishuka, batakutuma Kampala. Njo vile ninataka. Mimi sitaki ukufie hapa. Hapa watu banakufa ya bure. Enda kule kuko mashine, hata tusionane tena."

Hakuna mtu aliyewahi kunipenda vibaya hivyo. Nilikaa na ile bidoni mapajani muda mrefu. Mwisho nilikwenda kwa Muhindo nikamwambia ukweli. Aliimwaga nje, akaniambia, "Asante kwa kusema, Mama. Bengi hawasemi." Masika hakuongea nami siku mbili, ila miguu aliniosha.

Bidoni ya tatu ilifaulu. Hakukuwa na jambo la pekee siku hiyo. Mvua ilinyesha na kila mtu alibaki ndani. Muhindo alipima ujazo, akachukua damu, akafanya hesabu yake mara mbili mbele yetu, mara ya pili kwa peni nyingine.

"Makumi mbili na ine," akasema. "Kwa mia."

Masika aliuliza kama ni vizuri au ni vibaya. Muhindo alifikiri. "Haiko vile balimwambia Butembo. Haiko vile weye ulikuwa unaogopa. Ni robo. Anaweza kukaa kwake, mais hana tena ya kupoteza."

Hivyo sikwenda Kampala. Daktari wa Butembo aliposoma karatasi hakukasirika. Alibadilisha dawa zangu zote, akapunguza mbili ambazo kwa robo zingenidhuru, akaongeza vidonge vya kortizoni. Uso ukawa mviringo, nikaota ndevu kidevuni, nikawa nalia nikiona mbuzi amefungwa. Chumvi iliondoka kabisa. Paluku alikataa kupikiwa chungu chake cha chumvi. Alikula sombe isiyo na chumvi pamoja nami mwaka mzima, na siku moja tu nilimkuta sokoni anatafuna makayabo, samaki wa chumvi, kwa siri, amegeukia ukuta. Nilirudi nyuma asinione.

Maji yalianza kuondoka wakati wa kuvuna maharage. Kwa wiki tatu nilikuwa nakojoa na kupungua, mpaka mizani ikaonyesha arobaini na tisa. Mwili wangu wa kweli ndio huo uliokuwa umejificha chini. Mkwe wangu aliponiona naoga alitoka nje akaketi kwenye jiwe.

Kama nawe uko kwenye benchi sasa, nitakuambia nilichopata, kidogo tu. Wakikupa namba, uliza waliipata kwa njia gani. Uliza kipimo ni kipi kabla ya kulinganisha karatasi ya mji huu na ya mji ule. Kama umevimba, sema ulikuwa na kilo ngapi kabla. Kama umekonda, usifurahie damu nzuri haraka. Na ukimwaga nje hata mara moja, sema. Hayo hayataponya figo. Mimi nimebaki na robo yangu, wakati mwingine pungufu ya robo, na siku bado inaweza kufika ambapo nitavuka Kasindi. Kuna mambo mengi katika ugonjwa huu ambayo huwezi kuyafanyia chochote, nami sitakudanganya kwamba ni machache.

Kila msimu wa kiangazi nilirudi Beni kupimwa upya. Mara ya kwanza niliporudi, nilimkuta mke wa mzee Kambale kwenye benchi la labo, peke yake, na kitambaa cheusi kichwani. Alikuwa amekuja kuchukua karatasi za mumewe, kwa maana kanisa liliziomba. Aliniambia kwamba mvua zilipoanza mzee alilala akawa haamki hata akiitwa. Walimbeba hospitali, wakamwekea mpira wa mkojo, na hapo ndipo mkojo wake wa siku nzima ulipopimwa kwa mara ya kwanza. Ilikuwa sita kwa mia. Damu yake, alisema, hata siku ile haikuwa mbaya sana kwa kuitazama.

Nilimwambia pole, Mama, kwa Kinande na kwa Kiswahili. Pembe ile nyuma ya jiko la Masika ilikuwa imekaa tupu tangu nilipoondoka, na sikuwahi kumwuliza dada yangu. Sikumwambia hilo.

Alikuwa anaitazama bidoni yangu, ambayo nilikuwa nimeileta imejaa.

"Weye ulifanya hii kintu," akasema. "Inauma?"

"Hapana, Mama. Haiumi hata kidogo. Inaomba tu fasi, pahali pa kuiweka."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesahihishiwa hesabu aliyokosea zamani.

"Basi ni fasi," akasema. "Ni fasi tulikosa."